Vijineno vya Wakati katika Kiingereza Chetu

Katika vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vinavyotumika shuleni kwetu, sura ya vihusishi huja mwishoni, wakati mwalimu amekwisha kuchoka na muhula unakaribia kufungwa. Nomino zimekwisha kupewa heshima yake, vitenzi vimekwisha kula kurasa nyingi, ndipo vinapomwagwa vile vijineno vidogo, "in", "on", "at", "by", "for", "since", kama makombo baada ya karamu. Nimevifundisha vijineno hivi kwa watu wazima wa madarasa ya jioni kwa miaka mingi, na kadiri nilivyozidi kuvifundisha ndivyo nilivyozidi kutoridhika na sura ile. Nataka hapa kuihakiki, hasa sehemu yake inayohusu wakati, kwa sababu naamini kwamba makosa mengi tunayoyacheka katika Kiingereza cha Mswahili hayakutoka katika ujinga wa Mswahili. Yametoka katika kitabu alichopewa.

Tuanze na ile picha mashuhuri. Kila aliyepita sekondari ameiona ubaoni: nukta moja, chini yake mstari, chini yake kisanduku. Nukta ni "at", mstari ni "on", kisanduku ni "in". Saa ni nukta, kwa hiyo "at five o'clock". Siku ni mstari, kwa hiyo "on Friday". Mwezi na mwaka ni visanduku, kwa hiyo "in March", "in 1961". Picha ni nzuri, inakumbukika, na kwa mtihani wa maswali kumi inatosha. Lakini mwanafunzi mwenye akili hauchukui muda kuuliza: asubuhi ni kisanduku, tunasema "in the morning", na mchana ni kisanduku vilevile, mbona usiku ghafla unakuwa nukta, "at night"? Tena akisoma gazeti atakuta "on the morning of 12 January", na ile asubuhi iliyokuwa kisanduku jana leo imekuwa mstari. Krismasi ni "at Christmas", siku yenyewe ni "on Christmas Day", likizo yake ni "in the Christmas holidays". Mwalimu hujibu kwamba hizo ni tofauti za kanuni, zikaririwe. Mimi husema kwamba kanuni ambayo usiku hauwezi kukaa ndani yake ni kanuni ya nusu siku.

Jibu lenyewe si gumu sana, ila linamtaka mtu aache kuuliza neno lina urefu gani, aulize msemaji analitazamaje. Mwingereza anaposema "at night" hautazami usiku kwa ndani. Ni majira tu, kinyume cha mchana, kama vile sisi tunavyosema "popo huruka usiku". Akitaka kuufungua na kuonyesha lililotokea ndani yake, husema "in the night": mtoto aliamka mara tatu "in the night". Usiku ni uleule, saa zake ni zilezile, jicho ndilo lililohama. Na asubuhi ikishafungwa kwenye tarehe fulani inafuata tarehe, na tarehe siku zote huchukua "on". Mambo haya mawili yangeelezwa katika aya moja. Kitabu kinapendelea kisanduku.

Ubaya wa pili, na kwangu ni mkubwa kuliko wa kwanza, ni lile zoezi la kujaza nafasi. "We waited ___ the station." Jibu nyuma ya kitabu: "at". Mwanafunzi aliyeandika "in" anapigwa alama ya kosa. Lakini hajakosea. Kama mvua ilikuwa ikinyesha na tukajibanza ndani ya jengo la stesheni, "in" ndiyo yenyewe. Kama stesheni ni mahali pa kukutania tu, "at". Sentensi haisemi kama mvua ilinyesha, na haisemi nani anamwambia nani. Imekatwa mkia na kichwa, halafu mtoto anaambiwa akisie mnyama. Vivyo hivyo "the weekend": Mwingereza atajaza "at", Mmarekani "on", na mtahini aliyesomea vitabu vya upande mmoja atamfelisha aliyesikiliza redio ya upande mwingine. Zoezi la namna hii halipimi kama mtu anaelewa maana. Linapima kama anakumbuka ukurasa.

Haifai kuvilaumu vitabu vyote kwa pamoja. Kimoja kilichoenea sana Afrika Mashariki, hata katika shule za msingi, ni First Aid in English cha Angus Maciver, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1938. Kina orodha ya maneno na vihusishi vinavyoandamana nayo, na vizazi vimeziimba orodha zake kama kasida. Lakini mwandishi yule alikuwa Mskoti, na aliwaandikia watoto wa Kiskoti waliokuja darasani wakiwa tayari wanakijua Kiingereza kwa kukinyonya. Kwao orodha ilikuwa sabuni ya kung'arisha nguo ambayo wamekwisha kuivaa. Sisi tuliichukua sabuni tukamvika nayo mtoto aliye uchi. Kwa upande mwingine kipo English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichochapishwa Cambridge mwaka 1985, maelezo ukurasa wa kushoto, mazoezi wa kulia. Hiki nakiheshimu. Murphy hakulitenga "since" na "for" mbali na njeo zake, ameviweka jirani na vitenzi vinavyovihitaji, na "by" na "until" amevipa nafasi ya kusimama peke yao. Upungufu wake ni wa lazima: ameandika kwa ajili ya wanafunzi wa dunia nzima, kwa hiyo hakuna lugha ya mama ya mtu yeyote ndani ya kitabu chake. Mjapani na Mbrazili na Mdigo wote wanaingia kwa mlango mmoja, mikono mitupu.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana Mswahili haingii mikono mitupu.

Chukua sentensi za kawaida. Nilifika Ijumaa. Nilizaliwa mwaka 1950. Tutaonana jioni. Kiswahili kinaitaja siku, kinautaja mwaka, basi. Hakuna kihusishi, kwa sababu jina la wakati linatosha kujitambulisha. Mwanafunzi anapoandika "I arrived Friday" hajasahau kitu, ametafsiri kwa uaminifu. (Mmarekani naye husema hivyohivyo, wala hapigwi alama ya kosa.) Sasa kitabu kinamfundisha kwamba kila jina la wakati lazima lishikwe mkono, naye anatii, anaandika "on last Friday", "in next year", "in every morning". Anapigwa tena. Hakuambiwa, au aliambiwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, kwamba palipo na "last", "next", "this" na "every" Mwingereza naye hufanya kama sisi: hutaja wakati na kupita. Kama angeambiwa tangu mwanzo kwamba "last Friday" ni sawa kabisa na "Ijumaa iliyopita", bila nyongeza, angekuwa na kitu kimoja asichohitaji kujifunza. Badala yake amefundishwa vitu viwili na kuvikosa vyote.

Halafu lipo suala la kitenzi. Mzungu akitaka kuonyesha mwelekeo huweka kijineno baada ya kitenzi, nasi aghalabu huuweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe. Alimkimbia simba. Alimkimbilia mama yake. Herufi mbili tu, na mtu amegeuka kutoka kukimbia mbali na kitu hadi kukimbia kukielekea. Amehama Tanga, amehamia Tanga. Kwa hiyo anayesema kwamba Kiswahili ni maskini wa vihusishi anatafuta nyama katika chungu cha wali. Mfano ninaoupenda ni wa kitenzi "discuss". Wenzetu wanaokisahihisha Kiingereza cha Afrika Mashariki hawachoki kutucheka kwa "discuss about". Lakini mwambie mwanafunzi kwamba "talk" ni kuzungumza, na "discuss" ni kuzungumzia. Hawezi kusema "tunazungumzia kuhusu bei", sikio lake litakataa, maana ile "kuhusu" imekwisha kumezwa na kitenzi. Nimelieleza jambo hili darasani kwa dakika mbili, na waliolielewa hawakuhitaji orodha ya Maciver tena kwa neno hilo.

"Since" na "for" navyo vinaangushwa na kitenzi, si na kihusishi. Tunasema "nipo hapa tangu Jumatatu", kitenzi kipo katika hali ya sasa kwa sababu kweli nipo sasa. Ndipo linapotoka "I am here since Monday". Mwalimu anaikazia macho "since", ilhali "since" iko sawa, kilichokosewa ni "am". Vilevile wengi wetu husema "nimemwona jana" bila kuona tatizo, kwa kuwa -me- yetu inajali kwamba jambo limekwisha na athari yake ipo, haioni haya kukaa pamoja na jana. Kiingereza kina haya. Ukitaja jana, "have" lazima iondoke. Hili ni somo la desturi za vitenzi viwili tofauti, na lingefaa kufundishwa kwa kuziweka sentensi mbili kando kwa kando, ya kwetu na ya kwao. Sijaona kitabu cha shule kinachofanya hivyo kwa uthabiti.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba haya ni mambo ya walimu. "On" ikiwa "in", nani amekufa? Katika mazungumzo, hakuna. Ukimwambia Mwingereza "in Friday" atakuja Ijumaa. Kwa nyingi za hizi nukta na visanduku, makosa hayagharimu kitu zaidi ya aibu, na aibu nayo tumeipa bei kubwa kuliko inavyostahili. Ila vipo vijineno vichache vya wakati ambavyo kosa lake ni fedha, au nafasi, au kesi, na ajabu ya kitabu cha shule ni kwamba hivyo ndivyo kinavyovipa mistari michache.

"By" ni mfano. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alipata barua ya chuo. Kiingereza cha barua kilikuwa chepesi: aripoti "by 30th September". Alisafiri, akafika tarehe 2 Oktoba, akakuta nafasi yake imekwisha kupewa mwingine. Mama yake alikuja kwangu na ile barua mkononi, kijana nyuma yake. Nilimwuliza aliisomaje. "Mwalimu," akanijibu, "si wamesema karibu na tarehe thelathini? Mbili si karibu?" Hakuwa mvivu wala mzembe. Shuleni alifundishwa "by" mara moja, katika picha ya mvulana amekaa "by the river", na tafsiri yake ikaandikwa ubaoni: karibu na, kando ya. Akaibeba hiyo. Mto na tarehe ni vitu viwili mbalimbali, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kijineno kile kikivuka kutoka mahali kwenda wakati kinageuka ukuta. "By the river", unaweza kukaa upande huu au ule. "By the 30th", upo upande mmoja tu. Chuo nacho kingeweza kuandika kwa maneno yaliyo wazi zaidi, kwamba mwisho wa kuripoti ni tarehe 30, atakayechelewa hatapokelewa, ila ndivyo barua za ofisi zinavyoandikwa, na atakayezipokea lazima ajue kuzisoma.

Kiswahili chetu hapa hakimsaidii mwanafunzi mpaka asaidiwe kukichambua. "Mpaka Ijumaa" kwetu hubeba mizigo miwili. Nitakaa mpaka Ijumaa: jambo linaendelea hadi siku ile, na hiyo ni "until". Una mpaka Ijumaa kulipa: jambo ni la mara moja, siku yoyote kabla mlango haujafungwa, na hiyo ni "by". Neno ni moja, tofauti imo katika kitendo, kama ni cha kuendelea au cha kutokea mara moja. Ndiyo maana "finish it until Friday" imejaa katika barua zetu. Kinga yake ni swali moja: kitendo hiki kinadumu au kinatukia? Kinadumu, "until". Kinatukia, "by". Darasa langu hujaribu kwa kulala na kuamka. Utalala "until six", lakini uwe umeamka "by six". Hawasahau.

Lipo pia swali ambalo Mwingereza mwenyewe hajalimaliza. Duka limefungwa "until Monday", je, Jumatatu liko wazi? Kwa kawaida ndiyo, lakini nisingeweka dhamana nyumba yangu. Wamarekani wamejitengenezea "Monday through Friday", na Ijumaa inakuwemo bila ubishi. Waingereza wanasema "to", halafu wakiogopa wanaongeza "inclusive". Sisi tuna "hadi" na "mpaka", na wasiwasi uleule.

"In" ni hatari zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Seremala aliyetengeneza viti vya ofisi fulani aliahidiwa malipo "in thirty days". Kwake "in" ni ndani ya, kwa hiyo fedha zingeingia siku yoyote ndani ya hizo thelathini, naye akakopa mbao kwa tumaini la wiki ya pili. Waliomwandikia walikuwa na maana ya kwamba siku thelathini zipite kwanza. Na Kiingereza kinawaruhusu. "He built it in thirty days", kazi ilichukua siku hizo. "He will pay in thirty days", malipo yanasimama mwisho wake, baada ya siku thelathini kuanzia leo. Anayetaka maana ya seremala lazima aandike "within". Tofauti ya herufi nne ilimfanya mtu alipe deni la mbao kwa kuuza baiskeli, na katika zoezi la kujaza nafasi sijapata kukiona kitabu kinachowaweka "in" na "within" uso kwa uso.

Mambo haya yanazidi kuwa yetu, hayapungui. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yanayofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua niliyoifurahia. Lakini sheria zilizokuwepo zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, na zimejaa "within", "not later than", "from the date of", "after the expiration of". Mfasiri asiyejua tofauti ya "in" na "within" kwa Kiingereza hataweza kuchagua kati ya "baada ya siku saba" na "kabla ya siku saba kwisha" kwa Kiswahili, na kati ya maneno hayo mawili anaweza kukaa mtu na haki yake ya kukata rufaa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba Kiswahili kikishika mahakama na shule, basi vijineno vya Waingereza tuwaachie Waingereza.

Basi mwanafunzi aanzie wapi? Mimi humwanzishia nyumbani, na nasema nyumbani kwa makusudi. Neno hilo moja halisemi kama mtu yuko ndani, anakwenda, au anatoka: niko nyumbani, nakwenda nyumbani, natoka nyumbani. Lakini likipata kivumishi linafunguka. Nyumbani pangu pana wageni. Nyumbani kwangu kuna wageni. Nyumbani mwangu mna wageni. Hapo pa- ni mahali panapojulikana, pa kuonyesha kwa kidole. Ku- ni upande, eneo, mwelekeo, bila mipaka ya karibu. M- ni ndani. E. O. Ashton alizieleza ngeli hizi kwa makini katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, na waliokuja baada yake wamezieleza tena, lakini zimebaki katika somo la Kiswahili, saa ya pili, kwa mwalimu mwingine. Hakuna anayezivusha ukumbini hadi darasa la Kiingereza.

Zaidi ya hayo, ngeli hizi hazikai katika mahali tu. Zimeingia katika wakati zamani sana, nasi tunazitumia bila kuzitambua. Hapo kale. Papo hapo. Hiyo ni pa-, wakati ulioonyeshwa kwa kidole, jirani kabisa wa "at": papo hapo ni "at once", na "at that moment" ni wakati ule pale. Huko nyuma, huko mbeleni: ku-, wakati usio na kingo. Na "mnamo mwaka 1961", ile m- ya mwanzo ni m- ya ndani, ileile ya nyumbani mwangu mna. Mswahili aliyesema mnamo alikwisha kuutazama mwaka kama kitu chenye ndani, hata kama hajawahi kukutana na Mwingereza na "in" yake. Mwanafunzi akiliona hili, uso wake hubadilika. Anagundua kwamba kisanduku hakikuletwa na meli.

Sisemi kwamba ngeli hizi zinalingana na vijineno vya Kiingereza moja kwa moja. Hazilingani. "On" haina pacha kwetu. Juu ya meza tunayo, juu ya Ijumaa hatuna, na pa- yetu inachukua nusu ya kazi ya "at" na nusu ya kazi ya "on" pamoja. Hapo mwanafunzi hana budi kukariri, siku na tarehe huchukua "on", yamekwisha. "At" kwa saa nayo haisumbui. Kinachosumbua ni saa yenyewe, kwa sababu hesabu yetu huanza jua linapochomoza na linapozama, na "at eight" ni saa mbili. Dawa yake ni ya zamani: itazame saa ya ukutani, soma namba iliyo mkabala na mshale. Lakini kitu kimoja cha kukariri mwanafunzi anakivumilia. Vinavyomchosha ni vitu arobaini anavyodhani havina asili yoyote.

Madhara ya kufundisha vibaya yanarudi pia upande wa pili, katika Kiswahili chenyewe. Sikilizeni redio. "Katika Jumatatu ijayo." "Kwa ajili ya miaka mitano" mahali pa "kwa miaka mitano", kwa sababu mtu ameona "for". "Ndani ya Jumamosi hii" kwa tamasha litakalofanyika Jumamosi. Vijana wanadhani ni mtindo. Ni tafsiri ya zoezi la kujaza nafasi, imetoroka darasani. Siku iliyokuwa ikitembea bila fimbo sasa imepewa fimbo mbili.

Yapo mambo ambayo hata mwalimu mzuri na kitabu kizuri havitayanyoosha. "Next Friday" ikisemwa siku ya Jumatano, Waingereza wawili wa nyumba moja wanaweza kutofautiana kama ni keshokutwa au ni wiki inayofuata, na "Ijumaa ijayo" yetu haina afya bora. Ofisini andika tarehe. Na jioni moja mwanafunzi wangu, mama wa Pangani, aliniuliza aandikeje kwa Kiingereza "usiku wa Ijumaa" katika kadi ya harusi ya binti yake, kwa kuwa upande wa bwana harusi walikuwa wageni wa Ulaya. Kwa wazee wa pwani usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, jua la Alhamisi likishazama. Kwa Mzungu "on Friday night" ni baada ya Ijumaa kwisha. Kihusishi alikipata bila shida, "on", hata hakuniuliza. Tulichobishana darasa zima hadi taa zikazimwa ni siku. Mwishowe aliandika "on Thursday night", na chini yake, kwa Kiswahili, kwa ajili ya shangazi zake, usiku wa kuamkia Ijumaa.